Ukuta wa Wali Katikati ya Sinia

Ulimwengu wangu wa kwanza ulikuwa povu la sabuni, na shangazi aliumwaga mtaroni.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimekoroga maji ya sabuni uani mpaka povu likapanda juu ya ukingo wa beseni, nikainama na simu kutafuta pembe ambayo mapovu yangeonekana vizuri: kuta nyembamba, na kati ya kuta hewa tupu. Shangazi alitoka jikoni. Akaangalia beseni, akaangalia nguo zilizokuwa bado kavu kwenye tenga, akalinyanyua beseni kwa mikono miwili na kwenda nalo mbele ya nyumba. Nilisikia maji yakipiga sakafu ya mtaro. Aliporudi alisema maneno matatu.

"Sabuni si mchanga."

Nilikaa na maneno hayo mpaka jioni. Alimaanisha naharibu sabuni? Au alimaanisha mchanga ndio kitu cha kuchezea watoto, na mie ni mtoto? Au hakumaanisha chochote, na hilo ndilo baya zaidi, kwamba nilistahili neno lolote lililokuwa karibu na ulimi? Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia habari za asubuhi nabaki najiuliza kwa nini hakusema za leo.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia mwezi uliotangulia. Tangu hapo nilikuwa Mtoni, kwenye nyumba ya bibi aliyenilea, natuma maombi ya kazi na ya masomo ambayo hayajibiwi. Kati ya maombi hayo moja lilijibiwa. Chuo kimoja cha mbali kilikuwa na nafasi moja ya shahada ya pili katika kundi linalochunguza mapengo ya ulimwengu, jambo lile lile nililoliandikia tasnifu, na jina langu lilikuwa limebaki kwenye orodha fupi. Kilichotakiwa ni video ya dakika tatu. Eleza utafiti wako kwa mtu ambaye hajasoma fizikia, ukitumia kitu kinachopatikana unapoishi. Michoro ya kompyuta hairuhusiwi. Mwisho wa kutuma, kwa saa zetu, Jumamosi saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi hiyo hiyo ilikuwa arobaini ya bibi.

Nilimwambia shangazi mapema, nikidhani nafanya jambo la busara. Ni dada mkubwa wa baba yangu, na tangu bibi azikwe funguo zote za nyumba zimo kwenye pindo la kanga yake. Baba anaishi Boko na mke wake mwingine, na huja kwenye misiba kama mgeni, anakaa na wanaume, anaondoka. Kwa hiyo ruhusa ya kitu chochote ilikuwa kwa shangazi. Nilimwambia nahitaji saa moja ya utulivu Jumamosi mchana.

"Utulivu," alisema, kana kwamba nimemwomba figo. "Siku ya hitima ya mama yangu."

"Saa moja tu, shangazi."

"Mbona ulikuwa na utulivu wa miezi mitatu kule chuoni? Alikuita bibi yako siku tatu mfululizo mtu anakata roho, wewe umetulia unahesabu mashimo."

Bibi alipoumwa mara ya mwisho nilikuwa namalizia tasnifu. Nilipigiwa simu, nikasema nakuja kesho. Kesho yake kompyuta ilikuwa bado inachakata. Nilifika Mtoni siku ya nne, nikakuta turubai limefungwa nje. Tangu siku hiyo shangazi hajawahi kuyaita mapengo kwa jina lingine. Ni mashimo. Kwake ni mashimo niliyokuwa nahesabu wakati wao wanachimba moja.

Basi nieleze nilichokuwa nahesabu, maana katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza.

Watu wengi hudhani nyota zimetapakaa mbinguni kama mchele uliomwagika sakafuni, hapa kidogo, pale kidogo. Sivyo. Nyota zinaishi kwenye miji inayoitwa galaksi, na jua letu ni mkazi mmoja wa mji mmoja. Hiyo miji nayo haikutapakaa. Imejipanga kwenye kuta na nyuzi ndefu, inabanana kama nyumba zinavyobanana kando ya barabara ya Kilwa, na zinapokutana kuta kadhaa kuna msongamano wa kutisha. Katikati ya kuta ndiko kuna mapengo. Ni mapana kiasi kwamba mwanga, unaokimbia kuliko kitu chochote, huchukua mamilioni mengi ya miaka kulivuka moja. Ndani yake zimo galaksi chache, ndogo, pweke, zinazotengeneza nyota zao polepole bila jirani wa kuzisumbua. Niliwahi kuzionea wivu.

Kinachoyapanga haya yote hakionekani. Tunakiita maada ya giza. Jina baya, kwa sababu giza angalau unaliona. Hii haitoi mwanga, haizuii mwanga, ukipita katikati yake hutajua. Tunajua ipo kwa sababu inavuta. Hapo mwanzo sehemu fulani zilipungukiwa kidogo tu, kidogo sana, na majirani waliozidi wakaanza kuvuta. Kila kilichohama kikamwongezea jirani uzito, na jirani akavuta zaidi. Pengo halimfukuzi mtu. Linaachwa. Ndiyo maana ni shahidi mzuri: kwenye msongamano galaksi zinagongana, zinararuana, huwezi kujua nani alianza. Pengo halina fujo. Mwanga wa galaksi za nyuma unapolivuka hupinda kidogo sana kuelekea kandoni, kule kwenye uzito, na ukipima kule kupinda utajua maada ya giza imekwenda wapi na imebaki kiasi gani.

Hayo ndiyo nilitakiwa kuyasema kwa kitu kilichopo Mtoni. Baada ya povu nilijaribu chandarua. Chandarua kina matundu yanayolingana, na ulimwengu hauna adabu ya aina hiyo. Nilijaribu sponji la kuogea. Binamu yangu, binti wa shangazi, tunalala chumba kimoja na hatupendani, akanikuta nalikata kwa wembe.

"Hilo langu."

"Nitakununulia."

"Kwa kazi gani?"

Ijumaa ikapita hivyo.

Jumamosi uani kulijaa moshi tangu alfajiri. Sufuria tatu kubwa juu ya mafiga, wanawake wamefunga kanga viunoni, na aliyewaongoza ni jirani wa nyumba ya pili, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, ambaye mtaani kwetu haipikwi pilau ya shughuli bila yeye. Nje chini ya turubai wanaume waligawana juzuu na kusoma. Ndani wanawake walisoma, wakaomba dua, udi ukapita, kisha majamvi yakatandazwa na masinia yakaanza kutoka.

Mie nilipewa birika na beseni la kunawisha. Ni kazi ya watu wasio na kazi. Unazunguka umeinama, unamwagia maji mikono ya kila mtu, na kila mtu anakuuliza umepata kazi wapi.

Nilipozunguka mara ya pili ndipo nilipoona. Nilikuwa nimesimama juu ya sinia moja, nangoja bibi mmoja amalize tonge ili nimnawishe, nikatazama chini. Watu watano walikuwa wamelizunguka. Kwetu kila mtu anakula upande wake. Hurushi mkono kwa mwenzio, na nyama ya katikati huigusi mpaka mkubwa aigawe. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amechimba pengo mbele yake. Mapengo matano, kila moja na ukubwa wake, maana kuna anayekula haraka na kuna anayeongea. Kati ya pengo na pengo umebaki ukuta wa wali, mwembamba, wenye kona. Kuta zote zimekwenda kukutana katikati, na pale zilipokutana zimerundikana nyama na viazi. Niliwahi kuitazama picha hiyo kwa miezi kwenye kompyuta. Sasa ilikuwa imepambwa na mdalasini.

Kuna jambo jingine lilinijia hapo hapo, na lilinichoma. Anayeshiba mapema hasimami akaacha wali mbele yake. Huusukuma kuelekea katikati, wenzake wale. Bibi yangu alikuwa na meno machache. Siku zote upande wake wa sinia ndio uliokuwa mtupu kuliko wote, bati linang'aa, na nilipokuwa mdogo nilidhani bibi ni mlafi. Nilishawahi kumwambia. Alicheka. Alikuwa amekula matonge matatu na kusukuma yaliyobaki kwetu.

Niliweka birika chini, nikatoa simu.

"We! We mtoto!" Mgeni mmoja, mke wa fundi cherehani, alivuta mtandio usoni. "Unatupiga picha tunakula?"

"Si nyie, mama. Nachukua wali."

"Mkono wangu si huu hapo? Hina yangu hii nani haijui?"

Mwingine akasema siku hizi watoto wanawarusha watu mitandaoni wakiwa wamefumbata mifupa. Mwingine akafunika sinia kwa kanga kama anafunika maiti. Kelele zilifika uani, na shangazi akaja na upawa mkononi. Alisikiliza pande zote kwa sekunde tano.

"Futa."

Nilifuta. Nikamwonyesha kioo.

"Bado ipo, mama," binamu alisema kutoka mlangoni. "Inakaaga kwenye zilizofutwa. Mwambie aingie humo."

Niliingia humo. Nikafuta tena mbele ya wanawake arobaini, na nikaomba radhi, na nikainua birika. Yule mke wa fundi alininyooshea mkono nimnawishe huku ameangalia pembeni.

Shangazi aliningoja nyuma ya jiko.

"Mama yangu ana siku arobaini chini ya ardhi," alisema polepole. "Wewe unapiga picha wali wake."

"Ni kwa ajili ya ile nafasi. Nilikuambia."

"Nafasi. Huna aibu."

"Bibi angenielewa."

Nilijua ni kosa kabla sijafunga mdomo. Shangazi hakupiga kelele. Alinitazama tu, upawa unachuruzika mafuta kwenye kanga yake mpya.

"Angekuelewa," alisema. "Siku ya tatu alikuwa haelewi hata jina langu. Lako alikuwa analielewa. Analiita. Nikawa naitika mimi."

Akarudi kwenye sufuria.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilikwenda chumbani na sahani ya pilau na nikafunga mlango. Nilikusudia kujitengenezea mwenyewe. Nikachota pengo moja kwa vidole. Pengo moja katika sahani ni sahani iliyoliwa, basi. Nikachota matano kwa mkono wangu mmoja, yakatoka sawasawa, duara duara, kama yamechimbwa kwa kijiko cha aiskrimu. Hakuna kilichorundikana popote. Hakuna aliyekuwa na haraka, hakuna aliyekuwa amekosa meno. Nilikaa kitandani nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika, na nilimkasirikia kila mtu: shangazi, binamu, mke wa fundi na hina yake, chuo kilichotaka vitu vya nyumbani kutoka kwa watu ambao nyumbani hawatakiwi. Na bibi pia. Nilimkasirikia kwa kuita.

Halafu nikaanza kukosoa mfano wenyewe, kwa sababu siwezi kuacha. Wali unaoliwa unaingia tumboni. Maada haiingii tumboni mwa mtu. Inahama, jumla yake iko pale pale. Wangeniuliza. Ningewajibu nini? Kwamba kwetu aliyeshiba husukuma? Watu wa mbali wasiojua sinia wangeamini?

Saa kumi na robo jirani mpishi alinigongea dirisha.

"We msomi! Toka ule. Wapishi tunakaa sasa."

"Nimeshiba."

"Nimekuuliza kama umeshiba? Tuko wanne. Sinia haliliwi na wanne siku ya arobaini, litaegemea upande, tumwagikiwe. Toka."

Wapishi hula mwisho. Wageni wameondoka, wanaume wamekunja turubai, na sinia la wapishi linapakuliwa pale pale uani kutoka chini ya sufuria, pilau nzito yenye mafuta na vipande vya ukoko. Walikuwa wamekaa kwenye jamvi: jirani mpishi, shangazi, binamu na mke wa fundi cherehani, ambaye alikuwa amebaki kusaidia kuosha vyombo na kunichunga. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kati ya shangazi na jirani. Nilikaa.

Nilipiga hesabu. Kula dakika ishirini. Kurekodi mara mbili, mara tatu. Mtandao wa jioni kwetu ni wa kukokota. Nikasema, bila kumwangalia mtu, kwamba mkishamaliza na mikono yote ikitoka naomba nipige picha ya sinia. Sinia peke yake.

Shangazi alikuwa anapuliza tonge.

"Mkono wangu usionekane," mke wa fundi alisema.

"Hautaonekana, mama."

"Wala pete."

"Mwache apige wali bwana," jirani alisema. "Wali hauna stara ya kuvunjiwa. Ungekuwa na stara usingekaa uchi mbele ya watu."

Binamu alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi hakucheka, ila hakukataa. Nilikaa nauchambua ule ukimya, kama ni ruhusa au ni adhabu iliyoahirishwa, na mkono wangu ulikula peke yake.

Mapengo yalianza kutokea. Jirani alichimba kama katapila. Binamu alikwangua kandokando, anatafuta ukoko. Mke wa fundi alikula kwa ncha za vidole na pengo lake likawa jembamba, refu. Mie nilikula kwa hila. Nilihesabu matonge, nikaacha ukuta wa kushoto kwa jirani, nikaacha ukuta wa kulia kwa shangazi, nikaacha kiazi kimoja kikubwa juu ya huo wa kulia kwa sababu kilikuwa mahali ambapo kungekaa kundi kubwa la galaksi. Ulikuwa ukuta mzuri. Nilianza hata kuyapanga maneno.

Mkono wa shangazi ukapita katikati yake.

Haukuteleza. Ulivunja ukuta, ukachukua kiazi, ukachota na wali wa upande wangu, na kurudi mdomoni kwake. Pengo lake na langu yakawa kitu kimoja.

"Unaringia chakula," alisema, anatafuna.

"Shangazi, huo upande wangu!"

Sijui nilipaza sauti kiasi gani. Najua jirani aliacha tonge hewani. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mtu akisema maneno hayo kwenye sinia. Mtoto wa miaka minne hayasemi. Unakula upande wako ili usimnyime mwenzio. Huutaji kuwa ni wako.

"Astaghfirullah," mke wa fundi alisema.

"Kumbe sinia lina hatimiliki," jirani alisema, lakini hata yeye sauti ilikuwa imepungua.

Shangazi alimeza. "Upande wako," alisema. "Bibi upande wako, masomo upande wako, huzuni upande wako. Sie tunapika." Alisukuma wali wote uliobaki mbele yake kuelekea katikati kwa kiganja, mara moja, akanyanyuka, akanawa. Wengine wakanawa mmoja mmoja. Binamu aliondoka anajilamba vidole, ananitazama kama anayetazama ajali.

Nikabaki na sinia.

Saa kumi na moja na dakika kumi. Nililitazama lilivyokuwa. Mapengo manne, si matano, na moja kati ya hayo kubwa kupita yote, lenye mabaki ya ukuta uliovunjika katikati yake, punje chache zimeshika mstari. Na ndipo nilipokumbuka, kwa hasira, kitu nilichokuwa nimekiandika mwenyewe katika ukurasa wa arobaini na kitu wa tasnifu: kwamba mapengo madogo hayadumu. Ukuta unaoyatenganisha huvutwa pande zake zote, hukonda, vilivyomo huhamia kwenye kuta nzito zaidi, na mapengo mawili huwa moja. Mapengo makubwa tunayoyaona leo yalimeza madogo. Shangazi alikuwa amenipa kitu ambacho nisingeweza kukitengeneza kwa kuwalinda watu wasiguse.

Sikumshukuru. Nikawasha simu.

Nilirekodi mara nne. Mara ya kwanza nililia kidogo. Mara ya pili paka alipita. Mara ya tatu nilisema "yaani" mara tisa. Mara ya nne nilisema tu. Nilisema watano wamekula hapa, humuoni hata mmoja, lakini tazama wali ulivyokaa utajua nani alikaa wapi na nani alikuwa na haraka. Hivyo ndivyo tunavyoijua maada ya giza, kwa kutazama kilipobaki kinachoonekana. Nilionyesha kuta, nikaonyesha rundo la katikati. Nilionyesha pengo lililounganika. Nikasema kwetu aliyeshiba huusukuma wali wake kwa wenzake, kwa hiyo sehemu iliyo tupu kuliko zote haina maana kwamba ndiyo ya mlaji mkubwa. Nilimjua mtu mmoja, nikasema, ambaye upande wake ulikuwa mtupu kila siku. Nikaishia hapo kwa sababu dakika tatu zilikuwa zimeisha.

Wakati wote huo shangazi alikuwa hatua sita kutoka kwangu, anakwangua sufuria kwa upawa wa chuma. Angeweza kungoja. Alikwangua kwa nguvu zake zote, kraa, kraa, na sauti hiyo imo kwenye video mwanzo hadi mwisho. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho kukwangua kukakoma. Kisha kukaendelea.

Video iliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, nimesimama juu ya tofali mbele ya nyumba, simu juu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Nilikuwa nimepata. Walisema mambo mawili matatu ya kistaarabu na mmoja wao aliuliza ile sauti ya chuma ilikuwa nini. Nilimwambia shangazi habari hiyo jikoni. Alikuwa anachambua mchicha.

"Mbali?"

"Mbali."

"Haya."

Basi. Lakini jioni ile ile nilimsikia barazani akimwambia jirani mpishi, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "Amepata. Wanamlipia kila kitu, kwenda kusomea sinia. Mtoto aliyeshindwa kuosha sinia." Jirani alipiga kigelegele, na mara akataka ajue kama na yeye jina lake litatajwa huko maana pilau ilikuwa yake. Shangazi alirudia habari hiyo kwa muuza mkaa, kwa mke wa fundi, kwa kila aliyepita. Kwangu hakuirudia. Tuliishi mwezi mzima hivyo, mie nasikia sifa zangu kupitia dirishani, na ndani ya nyumba ananiambia nipishe njia.

Ijumaa ya mwisho kabla sijaondoka alipika pilau. Hakusema ni ya kuniaga. Tulikaa watatu, yeye, binamu na mie, na sinia lile lile. Binamu alikula haraka akaondoka na simu yake, akasukuma wali wake katikati bila kufikiri.

Tukabaki wawili. Nilimtazama mkono. Alikula upande wake. Alichota kwa utaratibu, alikusanya kila punje iliyokwenda karibu na upande wangu na kuirudisha, na ukuta kati yetu ukabaki mzima, mnene, umenyooka kama umepigwa kamba. Sijawahi kuona ukuta wa namna hiyo kwenye sinia la watu wa nyumba moja. Ndivyo anavyokula mtu na mgeni wa heshima.

Nilifikiri kwa matonge sita, saba. Halafu nikapitisha mkono ukutani na kuchukua kiazi kilichokuwa mbele yake.

"Huo upande wangu," shangazi alisema.

Hakuinua macho. Nilimngoja acheke, na hakucheka. Nikakirudisha kiazi mahali pake. Alinawa akaenda kuswali, na mie nikabeba sinia uani. Wali wa ukutani niliwamwagia kuku wa jirani.